Hakuna Atakayeuliza Karatasi

Jumatatu, 11 Novemba

Leo nimejifungia ndani ya gari la Mashudu, vioo juu, jasho likinichuruzika mpaka kwenye viatu, naongea na simu yake kama mtu aliyerukwa na akili. Nje mashine ya kukatia maembe ilikuwa inanguruma, ndiyo maana tulifunga vioo. Nimerudia maneno yale yale mpaka ulimi ukawa mzito: "Hujambo ndugu yangu. Watu wa kupuliza dawa ya mbu wanakuja. Wafungulie mlango. Ukuta ukishapulizwa, usiufute wala usiupake udongo."

Mashudu ni binti wa shirika la afya la mjini. Ni Mvenda wa hapa, na Kishona chetu sisi tuliovuka mpaka anakijua cha sokoni tu, akisema maneno matatu watu wanacheka manne. Akatafuta mtu wa hapa hapa shambani, na nyapara Ravele akanionyesha mimi. "Mchukue huyo mama wa chumvi," alisema, maana kazi yangu kiwandani ni kutia chumvi kwenye mapipa ya achari. "Akifungua mdomo hata wanaume wananyamaza."

Jioni simu zikaanza kulia kambi nzima, banda hadi banda. Popote nilipogeuka nilijisikia mimi mwenyewe nikisalimia watu. Jirani yangu Shuvai akatoka nje amekiinua kitochi chake juu kama taa.

"Mama Tine! Nilidhani tumeachana kiwandani, kumbe umenifuata mpaka chumbani!"

"Umesikia nilichosema lakini?"

"Nimesikia. Mama Mbu kasema tusifute ukuta."

Watu wakaangua kicheko, na jina likashika hapo hapo. Tinevimbo mwanangu, huko nyumbani Chivi, ng'ambo ya mpaka, kwa bibi yake, hajui kwamba mama yake sasa ni Mama Mbu.

Alhamisi, 14 Novemba

Joto. Mabati hayapoi hata jua likizama. Nimelala nje kwenye mkeka, kama kila mtu.

Jumanne, 19 Novemba

Wapuliza dawa wamekuja na mabomba mgongoni. Mwaka jana nusu ya kambi iliwafungia milango, wengine wakasema dawa inaua kuku, wengine inaua nguvu za kiume. Mwaka huu milango ilikuwa wazi. Ravele mwenyewe kashangaa.

Shuvai ana mimba ya miezi mitano na anaamini kila ninachosema kwenye simu, ingawa nikimwambia ana kwa ana habishani nami, anabishana na ukoo wangu wote. Jioni nimemkuta ameketi kwenye ndoo, ameshika simu mbili, yake na ya mumewe Gwinyai, amezikutanisha mdomo kwa sikio.

"Unafanya nini?"

"Shh. Mama yangu anakusikiliza. Yuko Mberengwa. Nimemwambia jirani yangu ameingia redioni."

Kutoka kwenye ile simu nikasikia sauti ya mama mtu mzima ikisema, "Anaongea vizuri huyo. Mwambie aongeze sauti kidogo."

Jumapili, 24 Novemba

Utomvu wa maembe mabichi umenibabua vidole. Chumvi imemalizia.

Jumatatu, 2 Desemba

Ujumbe wa pili ulitoka wiki iliyopita: homa isilale nawe hata siku moja, nenda zahanati ukatobolewe kidole, dawa ni bure.

Dzingai wa wachumaji alishikwa na baridi juzi, akakopa baiskeli, akaenda. Leo amerudi kazini akicheza katikati ya mapipa. "Nilikuwa nimekufa mimi! Mama Mbu kanifufua!" Akanipa embe moja kubwa mbele ya watu, kana kwamba maembe ni kitu adimu hapa. Nimelila lote. Sikuwahi kulila embe la shamba hili kwa raha namna hiyo.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua ya kwanza. Watoto wamevua nguo wote.

Jumatano, 11 Desemba

Mashudu amenipigia mchana nikiwa kwenye mapipa. Jumapili gari la vipimo litasimama kwenye daraja la mfereji, barabara ya kijijini. Wanataka kupima kila mtu, hata asiyeumwa, kabla mvua hazijakolea.

"Dada," nikamwambia, "nusu ya watu hapa hawana karatasi. Wamevuka mpaka kwa kupita mtoni. Hawatatoka nje ya uzio wa shamba."

"Nesi haulizi karatasi, Mama Tine. Kazi yake ni damu tu. Waambie hivyo."

Nikaurekodi ujumbe nikiwa chooni, ndiko kwenye utulivu. Nilisema siku, nilisema mahali, halafu nikasema, "Njooni bila hofu. Hakuna atakayeuliza karatasi." Ilinijia vizuri mdomoni. Mashudu akausikiliza akasema, "Safi sana."

Jumapili, 15 Desemba

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Walikuja. Watu walivaa nguo za kanisani. Shuvai alivaa lile gauni la manjano linalombana tumbo, na Gwinyai alikuwa amenyoa ndevu. Foleni ilipita daraja ikarudi nyuma hadi kwenye mitaro. Nesi alikuwa mchangamfu, anatoboa kidole na kutania, "Mkono wa kazi huu, sindano inavunjika." Mimi nilikuwa napita pembeni ya foleni nikijiona mtu. Dzingai alikuwa anaiga sauti yangu, "Hujambo ndugu yangu," na watu wanavunjika mbavu.

Magari mawili ya polisi yalikuja taratibu, bila king'ora. Yalisimama, moja huku na moja kule, daraja likawa mtego. Sauti ikasema kila mtu akae chini na atoe karatasi.

Watu wakaruka. Wengine mferejini, wengine kwenye matete, wengine walikaa tu chini kama walivyoambiwa, na hao ndio walioanza kupandishwa. Gwinyai alikuwa amemshika Shuvai kiuno. Alimsukuma, sikudanganyi, alimsukuma kwa nguvu mke wake mjamzito akateleza hadi kwenye matete, halafu yeye akakimbilia upande wa pili akipiga kelele ili wamtazame yeye. Wakamtazama. Wakamkamata akiwa bado hajamaliza shamba la kwanza la jirani.

Askari alifika kwangu. Mimi nina kibali cha mwaka, kiko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya blauzi. Nikampa. Akakisoma, akanirudishia kwa mikono miwili. "Asante, mama." Ile heshima yake imenichoma kuliko tusi.

Nesi alikuwa amesimama na sindano mkononi anasema, "Hatukuwaita sisi, hatukuwaita." Hakuna aliyemsikiliza.

Gari lilipoondoka, Dzingai alikuwa ameshika vyuma vya nyuma. Alinitazama akasema, kwa sauti yangu, sauti yangu kabisa, "Njooni bila hofu. Hakuna atakayeuliza karatasi." Safari hii hakuna aliyecheka.

Shuvai alitoka kwenye matete jua limeshazama. Gauni la manjano lilikuwa jeusi hadi kifuani. Nikampa mkono. Akapita.

Jumatatu, 16 Desemba

Kazini mapipa yalikuwa mengi kuliko watu.

Jumatano, 18 Desemba

Mashudu kapiga. Nilimwacha alie kwanza.

"Siyo sisi, Mama Tine. Naapa."

"Najua."

"Ujumbe uliingia simu zote za shamba na za kijijini. Yeyote anaweza kuwa alimsikilizisha yeyote."

"Uliniambia nesi haulizi."

"Na nesi hakuuliza."

Ni kweli. Yeye alisema nesi. Mimi ndiye niliyesema hakuna.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nilichinja kuku, nikapika sadza, ugali wetu, ya watu wengi. Nimekula peke yangu. Nikampelekea Shuvai paja. Jioni nimelikuta mlangoni kwangu, siafu wameshaanza.

Ijumaa, 3 Januari

Simu za ujumbe hurudiwa kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Zamani kambi nzima ilikuwa inalia kwa pamoja. Leo ilipokaribia saa hiyo nimeona watu wakizima simu mmoja mmoja, kama wanavyozima moto kabla ya kulala. Kambi ikanyamaza. Ilikuwa yangu tu iliyolia. Sikuipokea, kwani nilijua anayepiga.

Jumatano, 8 Januari

Mvua siku zote hizi. Limpopo imefura, hakuna avukaye kuja wala kwenda. Nimesikia kwa wengine kwamba Gwinyai alivushwa mpaka wa Beitbridge pamoja na wenzake, amefika Mberengwa, anasubiri mto upungue arudi kwa mkewe. Simu yake ilibaki kwenye gari la polisi.

Jumapili, 12 Januari

Homa imeingia banda la wachumaji. Watu wanajifunika mablanketi ndani, milango imefungwa, na asubuhi wanatoka wanatetemeka kwenda kuchuma. Siwezi kungojea simu. Nimetembea kwa miguu, mlango hadi mlango, tope limenifika magotini.

Mlango wa kwanza mwanamke aliniambia, "Toka hapa na mbu wako." Wa pili walinyamaza mpaka nikaondoka, lakini nilisikia mtu akikohoa. Wa tatu mzee mmoja alifungua, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Na wewe binti, gari unaliita saa ngapi, ili nivae viatu?"

Zamani mtu akikataa kwenda zahanati nilikuwa napenda kusema sikio la kufa halisikii dawa. Leo nimeona haya hata kuufikiria msemo huo. Masikio yao hayana kasoro. Yalisikia vizuri sana.

Ijumaa, 17 Januari

Nimemwomba Ravele aongee nao yeye. "Mama wa chumvi," akasema, "mimi nikiwaambia waende zahanati watadhani nimeshaandika majina ya kuwafukuza." Akakuna kichwa. "Wewe walikupenda. Mimi hawajawahi."

Jumapili, 19 Januari

Jua limewaka leo. Shuvai nimemkuta ameketi akiegemea ukuta wa choo, kwenye jua kali la saa saba, amejitanda blanketi.

"Una homa."

Haya yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake yaliyopata jibu tangu darajani.

"Nina baridi."

"Hiyo ndiyo homa yenyewe, Shuvai. Una mimba. Ya mjamzito haichezewi. Twende, nitakushika mkono."

Akanitazama kutoka ndani ya blanketi. Midomo ilikuwa imekauka. "Safari hii unanipeleka wapi, Mama Tine? Darajani?"

"Zahanati. Mimi mwenyewe nitatangulia nikaangalie barabara."

"Wakinishika nivushwe mto umejaa, nitajifungulia wapi? Kwenye sakafu ya polisi?" Akajivutia blanketi. "Niache. Gwinyai akirudi tutakwenda naye."

Nilipiga magoti. Nilimwambia mtu akiogopa polisi akafa na malaria, polisi hawapotezi kitu. Akafumba macho. Akasema, "Unaongea vizuri. Ndiyo shida yako."

Jumatatu, 20 Januari

Ameenda kazini. Ameegemea pipa, anakata maembe kwa kisu, mikono inatetemeka. Nimempigia Mashudu alete kipimo na vidonge hapa hapa, mlangoni kwake, bila gari lenye rangi za shirika. Amesema anatafuta nesi. Amesema Jumatano. Nikamwambia kesho. Akasema barabara imekatika sehemu mbili, atajaribu kesho, lakini niseme Jumatano.

Jumanne, 21 Januari

Hawakufika. Mvua. Nimemfuta Shuvai mwili kwa kitambaa cha maji, hakunikataza. Nilidhani amenisamehe. Baadaye nikaelewa kwamba alidhani mimi ni mama yake.

Jumatano, 22 Januari

Alfajiri Shuvai alianza kuongea na watu wasiokuwepo, akiwaomba waache kupiga ngoma. Macho yalikuwa ya manjano kama lile gauni. Nilikimbia kwa Ravele bila viatu. Hakuuliza kitu, alitoa trekta na tela la maembe, tukamlaza juu ya magunia. Wale waliokuwa wakinifungia milango walitoka. Wanawake wawili walipanda kumshika. Hakuna aliyetaja karatasi.

Kwenye kivuko cha saruji cha njia ya zahanati, kilomita chache kutoka hapa, maji yalikuwa yamepanda juu ya nguzo za alama. Mto wenyewe hauna hata jina, kiangazi watoto wanauruka. Leo ulikuwa mwekundu na unabeba miti mizima.

Na ng'ambo, gari la Mashudu limesimama.

Nilimwona. Alikuwa na koti la mvua la buluu, na pembeni yake nesi yule wa darajani. Nilimwona akiweka simu sikioni, na simu yangu ikalia.

"Nawaona," akasema.

"Nasi tunawaona. Mna dawa?"

"Tunayo ya sindano. Iko hapa mkononi mwa nesi."

Nikamwona nesi akiinua kisanduku cheupe ili nikione. Kwa nini alikiinua, sijui. Labda alidhani kukiona kutanisaidia.

Ravele aliingia na trekta. Maji yakafika kwenye injini, tela likaanza kuvutwa pembeni, wanawake wakapiga yowe, akarudi nyuma. Akajaribu tena juu kidogo. Akarudi. Akashuka akasimama na kofia mkononi.

Nesi alichukua simu kwa Mashudu. Aliniambia nimlaze Shuvai ubavu wa kushoto. Nikamlaza. Aliniambia nitazame kama mtoto anacheza. Niliweka kiganja tumboni, nikasema sijui, labda. Aliniambia akipata degedege nisimtie kitu mdomoni. Akapata. Sikumtia kitu. Aliniambia nihesabu pumzi zake, na nikazihesabu kwa sauti ili azisikie kule, na muda wote huo nilikuwa naona midomo yake ikicheza kule ng'ambo na sauti inanifikia sikioni wazi kabisa, kila neno, kana kwamba yuko ndani ya tela pamoja nasi. Mtandao haujawahi kuwa mzuri hivi. Kila kitu alichokuwa nacho kilivuka, isipokuwa dawa.

Halafu nikawa sina cha kuhesabu.

"Mama Tine?" nesi akauliza. "Mama Tine, unanisikia?"

Nilikuwa namsikia. Nilimwona ameinamisha kichwa kabla sijajibu.

Alhamisi, 23 Januari

Maji yamepungua.

Ijumaa, 24 Januari

Tumemzika kwenye makaburi ya shamba, nyuma ya mstari wa mikaratusi. Kumrudisha kwao hakuwezekani, Limpopo bado imefura na gari la maiti tusingelimudu hata tungeuza kambi. Tulimwosha mimi na wale wanawake wawili wa telani. Mtoto hatukumtoa. Wamelala pamoja.

Wakati wa kutupa udongo mwanamke mmoja aliniambia, "Sogea, nipishe." Hakusema kwa ubaya. Lakini nimesogea mpaka nyuma kabisa.

Jumatano, 29 Januari

Simu ya Shuvai iko kwangu. Nimeichaji dukani kwa sababu sikujua nifanye nini kingine nayo. Ilipowaka tu, ujumbe ukaanza kuingia, ule wa bure unaotumwa na asiye na salio: Tafadhali nipigie. Tafadhali nipigie. Namba ya Mberengwa. Wote unatoka kwa mama yake.

Ravele anasema yeye hajui Kishona cha msiba. Wanawake wanasema mimi ndiye mwenye mdomo. Na ni kweli, ndiyo kazi niliyopewa.

Ijumaa, 31 Januari

Mashudu ameandika anauliza kama niko tayari kurekodi ujumbe wa Februari. Sijajibu. Watu kumi na mmoja wameenda zahanati wiki hii, kwa hiari yao, kwa makundi, bila kujificha. Siyo kwa sababu yangu. Wameliona lile tela.

Ujumbe wa mama yake umeingia tena.

Jumapili, 2 Februari

Nimenunua salio, lote alilokuwa nalo mwenye duka. Nikaenda nyuma ya mapipa na kupiga kwa simu ya Shuvai, kwa kuwa ndiyo namba anayoijua.

Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Shuvai! Wewe mtoto! Unataka kuniua?"

"Siyo Shuvai, Ambuya," nikasema, nikimwita bibi kwa heshima ya kwetu. "Ni jirani yake."

Akacheka kidogo. "Nakujua wewe. Wewe ndiye wa redioni. Wa mbu. Sauti yako naijua." Halafu cheko likaisha lenyewe. "Kwa nini unapiga wewe?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Nimeyapanga siku nne, nimeyapima kama chumvi. Hakuna hata moja lililokuja. Nilisema, "Ambuya, Shuvai ametuacha. Tumeshamzika."

Sikusikia kilio. Nilisikia kiti kikiburuzwa.

"Mtoto?"

"Wameondoka pamoja."

"Nani alimwosha?"

"Mimi, na wanawake wawili wa hapa. Kwa maji ya moto. Tulimvika gauni la manjano, nililifua."

"Ni mimi niliyelishona," akasema.

Nikamwambia yaliyobaki, kwa sababu asipoyasikia kwangu atayasikia vibaya zaidi: daraja, nilichosema kwenye simu, jinsi Gwinyai alivyokamatwa, jinsi Shuvai alivyoogopa, maji. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ile, bila kunikatiza. Sikumwomba msamaha. Niliona nikimwomba nitakuwa namtwika mzigo mwingine.

Nyuma yake kulikuwa na sauti ya nyundo. Kwa, kwa, kwa. Inasimama, inaanza tena.

"Unamsikia?" akauliza.

"Nani, Ambuya?"

"Gwinyai. Yuko nyumba ya pili hapo, anapiga bati. Amesema mto ukipungua anakwenda kumchukua, hataki ajifungulie huko kwenye mabanda. Anaongeza chumba."

Ile sauti yangu inayonyamazisha wanaume haikutoka.

"Bado una salio?" akauliza.

"Ninalo kidogo."

"Basi kaa. Usikate, mwanangu. Ukikata tu, itabidi nimwite."

Nikachuchumaa kati ya mapipa, simu sikioni. Alikuwa anapumua, nami napumua, na ng'ambo ile Gwinyai alikuwa anapigilia misumari. Aliangusha mmoja, akaguna, akacheka peke yake, akaendelea. Tulimsikiliza wote wawili mpaka salio likaisha.